Mteremko wa Atuganile

Baada ya kufiwa na mumewe, Atuganile aligawiwa shamba la mteremkoni, juu kabisa ya mji, ambako sakitu, ule umande unaoganda kuwa barafu, hupiga kila kipupwe. Usiku udongo uliganda ukavimba. Jua lilipochomoza barafu iliyeyuka, ikauacha umelegea kama unga. Kila kukicha ulizidi kulegea.

"Mvua ya kwanza itaubeba wote," shemeji yake Ambokile alimwambia. "Rudi kwenu tu."

Hakurudi. Alitandaza nyasi kavu shamba zima, kama mama anayemfunika mtoto asipate baridi, kisha akapanda mistari ya majani ya tembo kuukata mteremko kwa mapana, izuie udongo.

Mvua ilikuja kwa hasira. Kulipopambazuka, mashamba ya jirani yalikuwa yamechimbika makorongo, na la Ambokile lilikuwa limeteremkia mtoni. La Atuganile lilikuwa palepale, jeusi, limetulia.

Ambokile alisimama mpakani, kofia mkononi. "Shemeji, naomba mbegu ya hayo majani."

Atuganile alinyoosha mgongo, akamtazama bila kuificha fahari yake. "Njoo uchukue. Ila udongo wangu bado laini."

Ambokile akainama, akaanza kuvua viatu.