Mluzi wa Lemarti

Kila nyumba iliyopakana na msitu wa mitarakwa ililea kinda mmoja wa chiriku wa mlimani, kwa kuwa porini hawakubaki madume wazee wa kuwafundisha makinda kuimba. Kando ya tundu kulining'inizwa kinasa sauti kilichorudia wimbo wa chiriku kutwa nzima, na watu wa nyumbani walikatazwa kupiga mluzi.

Lemarti alikuwa akisahau. Kila jioni, akiwafungia mbuzi zizini, alimpigia mkewe Naisula mluzi wa kuomba chai.

Alipofariki, chiriku aliendelea kuomba chai.

Mkaguzi wa ndege, binti aitwaye Sadia, alimsikiliza akatikisa kichwa. "Mama, huyu ameharibika. Majike wa porini hawatamwelewa. Sheria inasema abaki tunduni mpaka afe."

"Abaki kwangu?"

"Kwako, mama."

Naisula alimtazama ndege akijigonga kwenye nyaya. Moyo wake ulitaka kusema ndiyo.

"Mume wangu hakuweza kushinda ndani hata siku ya mvua," akasema, akafungua tundu.

Sadia aligeuka, akawa anatazama mbuzi.

Majike walimwelewa, na makinda wakamwiga. Siku hizi, jua likizama, mlima mzima huomba chai, na Naisula huinjika birika huku akitabasamu. Lakini Sadia akipanda na kinasa chake, akawachezea wimbo wa mababu zao, ndege wote hunyamaza, kama wenyeji waliosikia mgeni akibisha mlangoni.