Mwanga wa Rangi ya Asali

Ngumi ya tatu ilitua chini ya jicho la kushoto. Fundi akasita, akavua pete kidoleni, akaitia mfukoni ili isichubuke, kisha akaendelea.

"Nusu inchi!" alifoka. "Karatasi moja umeikata pungufu kwa upana wa ukucha, na sasa ukuta mzima una mchirizi mweupe kama kinyesi cha ndege. Wageni wanaingia saa nne. Saa nne!"

Mkasi alikuwa amelala sakafuni nyuma ya jukwaa la ukumbi mpya wa sanaa, mikono imefunika kichwa. Jina hilo la utani lilitokana na kazi yake ya kukata karatasi za rangi zipitishazo mwanga, ambazo Fundi huziweka mbele ya taa. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka saba, na katika ndoa walikuwa na sita.

"Nisamehe, mpenzi. Nitaikata upya."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shukuru mimi nina huruma, nakuvunja mbavu tu."

Kiatu kikazama ubavuni. Kitu kikalia ndani kama kijiti kikavu kinapovunjika.

Fundi alikuwa na sifa iliyovuka mipaka. Ukumbi ule haukuwa na dirisha hata moja. Taa mia mbili zilifichwa katika mikunjo ya dari, hata mtu asiione taa, auone mwanga peke yake, wa rangi ya asali iliyoingiwa na wekundu, ukiteremka ukutani kama kitu cha kumiminwa. Magazeti yaliandika kwamba chini ya mwanga huo kila ngozi huonekana kana kwamba imetoka kuoga. Hakuna lililoandika kwamba mwanga huo ulibuniwa kwanza nyumbani, sebuleni, ili majirani wakija wasione kitu.

Siku moja Mkasi alikimbilia kwa mama yake mchana kweupe, jicho limefumba. Mama alilia, akamkanda kwa maji ya moto, kisha akamrudisha. "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Ukilitangaza hili, nyuso zetu tutazificha wapi?" Alipokwenda kushtaki kituoni, polisi wa zamu naye aliuliza ni nani aliyempiga. Aliposikia jibu, aliweka kalamu mezani, akawaita wenzake waje wasikie, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Fundi aliinama, akamshika Mkasi ukosi.

"Nenda kawaambie tena, uone kama yupo wa kukuamini. Leo utaketi mstari wa mbele, unitabasamie. Tukifika nyumbani tutamalizana, na safari hii sitatumia ngumi. Nyundo ninayo. Haya, inuka ubadilishe hiyo karatasi."

Akajifuta jasho kwa kiwiko, akaenda kubadili nguo.

Mkasi alipanda ngazi. Kila kidato kilimchoma ubavuni kama kisu, na damu ya pua ilimdondokea mikononi. Aliagizwa kubadilisha karatasi moja. Alibadilisha ishirini na nne, safu yote ya mbele, na zote alizoweka zilikuwa za kijani. Fundi mwenyewe ndiye aliyemfundisha siri hiyo ya kazi: mwanga mwekundu humeza wekundu wa damu iliyovilia, wa kijani huutapika.

Saa nne wageni waliketi katika mwanga hafifu wa mlangoni. Mkasi alikuwa amejifunga vifungo vya shati mpaka kooni. Mgeni aliyekaa kando yake alimsogelea.

"Una bahati wewe, kuishi na mtu mwenye kipaji namna hii."

"Kipaji anacho," Mkasi alijibu. "Kimemfika mpaka kwenye viatu."

Mgeni akacheka kwa adabu.

Jukwaani, Fundi alinyoosha mkono kwenye swichi. "Mabibi na mabwana, mwanga ulio mzuri hauna cha kuficha."

Kijani kikashuka.

Mkasi akasimama, akavua shati lake mbele za watu bila haya, akageuka taratibu ili aonekane na wote. Alama za vidole vitano shingoni zilikuwa nyeusi kama masizi. Mgongoni alama za mkanda, za zamani na mpya, zilipishana. Ubavuni soli ya kiatu ilikuwa imejichora yote, hata mistari yake ingeweza kuhesabiwa. Mtu mmoja alipiga ukelele. Mwingine alijifunika macho.

Fundi alibonyeza swichi kuzima. Lakini taa zile alikuwa amezitengeneza zififie polepole, jinsi jua linavyozama, na ilikuwa imebaki dakika nzima. Akabonyeza tena na tena, kwa ngumi, mpaka kifundo cha kidole kikapasuka.

Mgeni rasmi aliinuka kitini, akamsogelea Mkasi.

"Ni nani aliyekufanyia unyama huu?"

"Mke wangu," Mkasi alijibu, na ukumbi mzima ukamgeukia Fundi.