Brody Asiguswe

Brody Tackett alipoangushwa mara ya nne, Cletus Hargis alimfikia kabla ya daktari. Alimnyanyua kwa makwapa kama mtu anayemtoa mtoto kwenye beseni, akampangusa matope mgongoni, akainua mkono mbele ya macho yake.

"Hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole gani?" Brody aliuliza.

"Safi! Uko mzima kabisa," Cletus akasema kwa sauti kubwa, ili daktari asikie na arudi alikotoka.

Daktari akarudi. Cletus akashusha pumzi. Alikuwa na miaka kumi na minane na kilo mia moja na thelathini, na Jumamosi hiyo hapakuwa na kitu duniani alichokijali kuliko afya ya Brody.

Mji mzima wa Pardee ulikuwa jukwaani. Maduka yalifungwa, hata mwenye nyumba ya maziko alibandika karatasi mlangoni: Tumekwenda mpirani, subirini. Kwa miaka thelathini na moja Pardee hawakuwahi kuvuka nusu fainali ya mpira wa Kimarekani. Baba yake Cletus alishindwa hapa. Mjomba wake alishindwa hapa. Kila Sikukuu ya Shukrani, bata mzinga akishakatwa, wanaume hao wawili walilia upya mbele ya sahani zao, na Cletus aliapa kwamba mwaka huu watakula kimya.

Kocha Mabry alimvuta kwa vyuma vya helmeti mpaka pua zao zikakaribia kugusana.

"Yule kijana amepigwa mara ngapi?"

"Nne, kocha."

"Ya tano atatolewa kwa machela. Akitolewa yeye, anaingia nani?"

"Yule wa akiba."

"Umewahi kumwona yule wa akiba akirusha mpira?"

Cletus alimwona mwaka jana. Mpaka leo akikumbuka hukosa hamu ya kula, naye si mtu wa kukosa hamu ya kula.

"Nimemwona, kocha."

"Basi unajua tutakavyorudi nyumbani. Sitaki Brody aguswe. Asiguswe hata na upepo!"

Kwa sababu nyingine yoyote Brody asingetolewa. Baba yake ndiye aliyenunua jezi, viti vya jukwaa na ubao wa pointi; mtoto wake angeweza kurushia mpira chooni na bado angeendelea kucheza.

Tatizo lilikuwa Dewey Stroud. Shingo ya Dewey ilikuwa pana kuliko kichwa chake, na kila Brody aliposhika mpira, Dewey alimwendea kama fahali aliyevunja uzio. Mapigo yote manne yalikuwa kazi yake.

Mchezo ukaanza tena. Dewey akachomoka. Alipopita ubavuni, Cletus akamdaka jezi kwa nyuma, akaning'inia. Dewey akamburuta hatua tatu, kisha wote wawili wakaanguka kwa kishindo.

"Niachie, punguani wewe!"

"Mwache kijana wa watu arushe mpira wake!"

"Siwezi! Nikimwona tu, miguu inakwenda yenyewe!"

"Ifunge breki!"

"Kocha amerukwa na akili, na wewe umerukwa naye!"

Mwamuzi alifika mbio. Kushika jezi ya mtu ni kosa, kwa hiyo alikwisha kuchomoa nusu ya kitambaa chake cha njano. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akajikuna shingo, akakirudisha kitambaa mfukoni.

"Miaka ishirini na miwili nachezesha," alinung'unika, "hili sijaliona."

Kuanzia hapo Cletus hakupumzika. Mara ya pili alimpiga Dewey mtama. Mara ya tatu alimwambia kwamba kuna mtu anaondoka na pikapu yake kule nje, na Dewey akageuka kuangalia. Mara ya nne alimkalia tu.

Jukwaani mama yake Brody alisimama akipunga skafu. "Yule mnene!" alipiga kelele. "Mungu ambariki yule mnene!"

Brody mwenyewe alimsogelea, machozi yakimlengalenga. "Kaka, mbona unanitendea wema hivi?"

"Nafurahia sana unavyocheza," Cletus akasema, na hilo halikuwa uongo.

Dakika ya mwisho ilifika pointi zikiwa kumi na saba kwa kumi na sita, mpira mikononi mwa Brody. Watu waliacha kutafuna. Baba yake Cletus alifumba macho. Mjomba wake alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wajuane.

Brody akarudi nyuma hatua tano. Dewey akaja, kichwa chini, akiunguruma. Cletus hakushika jezi wala mkono safari hii. Aliruka mwili mzima, kilo zote mia moja na thelathini, akatua juu yake kama godoro lililotupwa kutoka ghorofani.

Hapakuwa na mtu karibu na Brody. Alikuwa na muda wote aliouhitaji. Alilenga, akavuta mkono, akarusha. Mpira ulipaa juu, ukizunguka vizuri, ukashuka taratibu kifuani mwa Otis Dupree wa jezi nyeusi, ambaye hakuhitaji hata kusogea. Filimbi ya mwisho ikalia.

"Tumeshinda!" Dewey alipiga kelele kutoka chini ya Cletus, akamkumbatia shingoni. "Tumeshinda, mnene wangu!"

Wakainuka pamoja, jezi zao zote mbili nyeusi za Pardee, wakakimbia kumbeba Kocha Mabry; na katika benchi la jezi nyeupe za kina Brody, yule wa akiba, aliyewafunga Pardee pointi hamsini mwaka jana, alikuwa bado amepakata helmeti yake, akimtazama Brody aliyesimama peke yake katikati ya uwanja, mzima, bila hata mkwaruzo.