Uso wa Mama Yalla

Titus aliufuta uso wa Mama Yalla kwa mara ya nne, na safari hii kwa hasira, mpaka thina ikamchuruzika kwenye kiwiko.

Ukuta wa uani, hapa mtaa wa Karantina, ulikuwa umekamilika kila mahali isipokuwa pale katikati. Anga la buluu lilikuwapo, basi la kwenda Riyadh lilikuwapo, na mbele ya basi alisimama mwanamke mwenye baibui jeusi. Juu ya mabega yake palikuwa na doa jeupe tu. Kesho Ijumaa, Wakenya wa Jeddah wangekuja kumkumbuka mtetezi wao, mwaka mmoja tangu mafuriko yamchukue, na wangepokewa na mtu asiye na uso.

"Titus, wewe unatuchezea," alisema Maryann, mwenyekiti wa kamati, ambaye hakuwahi kusema jambo kwa sauti ndogo. "Wiki nzima! Rangi imefika mpaka kwa nyusi yako, lakini kwa ukuta, mafi, hakuna kitu!"

Titus alijipangusa nyusi ya kushoto. Tone la buluu lilikuwa limeshakauka, halikutoka.

Nani angemsaidia? Uso huo hakuna aliyewahi kuuona. Wasichana wa kazi kumi na saba walitolewa na Mama Yalla kwenye nyumba walikofungiwa, na wote walimjua kwa macho yake tu. Kila mara alikuja saa ya magharibi, wanaume wakiwa msikitini, akasimama kwenye mlango wa nyuma wanakotolea takataka. Niqabu, glavu nyeusi, na neno moja la kunong'ona: yalla, yaani twende. Hawakumsikia akisema jingine, ndiyo maana wakampa jina hilo. Alipanda basi na msichana hadi Riyadh, akamfikisha mlangoni mwa ubalozi, na kabla ya kuondoka akamwachia karatasi: pasipoti ni yako, mshahara ni wako, mlango haufungwi kwa nje.

Karatasi hizo ndizo zilizoamsha watu. Wanawake walizinakili, wakazipitisha ndani ya mifuko ya mikate, nyumba hadi nyumba, na makafili kadhaa, waajiri wao, walijikuta wakidaiwa pasipoti na watu waliozoea kuinamisha vichwa.

"Mchore mweupe," alisema Zeinab, mpishi kutoka Likoni, akichambua mchele wa pilau ya kesho. "Macho yale ni ya kwetu pwani, wallahi."

"Pwani gani?" alidakia Maryann. "Huyo alikuwa Mkisii."

"Haya, Mkisii. Lakini alikuwa mwanamke na nusu. Wanawake wawili wenye niqabu, nani atawauliza wanakwenda wapi? Brayo maskini alijaribu kumtoa msichana kwa gari lake, mwanamume na binti wa kazi wa watu, wakamshika barabarani. Wiki ile ile ya mafuriko. Yuko ndani mpaka leo."

Brashi ikamponyoka Titus. Aliogopa jela kuliko kifo, na siku zote alilisema hilo waziwazi, hata wenzake wakamcheka. Ndiye aliyeleta begi jeusi la Mama Yalla, lililolowa maji ya mafuriko, akawaambia kwamba mwenyewe hayupo tena. Tangu hapo, kila sifa ya marehemu ilimchoma. Aliinama kuokota brashi, akakawia kuinuka.

Simu ya Maryann ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa na Beverly, mtoto wa dadake, aliyefanya kazi za ndani mtaa wa Al-Baghdadiyah na kuificha simu yake kwenye gunia la mchele.

"Auntie, kesho asubuhi wananipeleka shamba, kwa ndugu ya bosi. Yule alimchoma Stacy, msichana wake wa kazi, na pasi. Huko hakuna network. Auntie, niko ile nyumba ya mlango wa kijani, nyuma ya duka la mapazia. Tafadhali tuma mtu. Mtu yeyote."

Maryann aliisikiliza mara mbili. Mara ya tatu akaketi chini kando ya sufuria, mwanamke mzima, akalia kwa sauti.

"Nimepigia kila mtu tangu Jumatatu, aliponiomba nimtoe," alisema. "Kila mtu anaogopa. Na mimi ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, imekwisha, nikishikwa tunapotea wote wawili. Ona sisi! Tunampikia pilau mtu aliyekufa, na huyu aliye hai hatuna wa kumtuma."

Titus alilitazama lile doa jeupe ukutani, kisha akaiweka brashi ndani ya kopo.

"Naenda kutafuta rangi ya uso," alisema.

"Rangi saa hii?" Maryann aliinua macho mekundu. "Moyo wako ni wa nini, Titus? Mtoto wangu anapotea na wewe unafikiria rangi?"

Titus alitoka karibu mbio.

Adhana ya magharibi ilipoanza, Beverly alibeba mfuko wa takataka hadi mlango wa kijani. Bosi alikuwa ameelekea msikitini, madam alikuwa bafuni. Sanduku la nguo la Beverly lilikuwa limeshapakiwa garini na watu wengine. Hakutarajia chochote tena, alifungua mlango kwa sababu takataka lazima itolewe.

Nje alisimama mtu mwenye niqabu. Mkono wa glavu nyeusi ukamshika kiganja.

"Yalla," ilinong'ona sauti.

"Mama Yalla? Lakini walisema umekufa!"

Beverly aliyatazama yale macho yaliyojaa hofu, na juu ya jicho la kushoto, kwenye nyusi, akaona tone la rangi ya buluu lililokauka.