Binti wa Katuni

Michoro ya mkono huzeeka upesi kuliko watu, mpaka ifungwe kwenye fremu ya kioo; hapo huganda na kunyamaza. Bi Nunu alichelewa kuifungisha katuni aliyoachiwa na marehemu mwanawe, kwa kupenda maongezi ya binti aliyechorwa humo, arukaye angani. Sasa binti alikuwa kikongwe, mabawa yamenyauka.

“Nikimfunga leo atabaki,” fundi wa fremu, Shomvi, alisema, akimfutia kiti. “Kesho sijui, bibi.”

Bi Nunu aliinamia karatasi, akangoja aamkiwe kama siku zote. Kiputo cha maneno kando ya mdomo wa binti kilibaki kitupu. Ndipo akatambua kwamba sasa mdogo ni yeye.

“Shikamoo,” akasema.

Kiputo kikajaa taratibu: “Marahaba, mwanangu. Umekula?”

“Kiweke chini kioo hicho, baba,” Bi Nunu akamwambia fundi. “Hatujamaliza kuongea.”