Nyuzi za Blanketi

Chepkurui alizinduka usingizini kwa sababu kuna mtu alikuwa amemshika mkono.

Alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya kitanda cha mama mkwe wake, bakuli la uji limeinama mapajani, uji wenyewe umemwagikia leso na kupoa. Mvua ya mchana ilipiga mabati.

Tangu kiharusi kimwangushe mama huyo, Chepkurui huchuma majani chai asubuhi, kisha hurudi kumwogesha, kumlisha na kumgeuza. Usiku hulala sikio moja likiwa wazi. Majirani wakimuuliza hali, yeye husema, "Niko sawa tu."

Sasa aliona blanketi. Upindo ulikuwa umenyofolewa nyuzi, nazo zimetapakaa sakafuni nyuma ya stuli, pale kikapu cha mgongoni kingekuwa kama angekuwa shambani. Usingizini vidole vyake vilikuwa vikichuma na kutupa nyuma ya bega, kuchuma na kutupa.

"Pole, Mama," alisema, akipapasa kutafuta kijiko. "Ngoja nikupashie uji."

Mama mkwe, aliyezeekea kwenye mashamba hayo hayo ya chai, hakumwachilia. Mkono wake mmoja ulio mzima ulizidi kubana. Mdomo uliopinda ulihangaika na maneno mpaka yakatoka.

"Kikapu imejaa," alisema. "Weka chini."

Kisha akaanza kujisukuma kuelekea ukutani, kidogo kidogo, akihema, mpaka kitandani kukawa na nafasi ya mtu mwingine.