Kifungu cha Nne

"Mkataba ni mkataba, mwanangu," alisema Mzee Bushiri, mpiga picha, akimwonyesha Riziki kifungu cha nne kwa kidole. Picha ya wachumba itakaa dirishani pa studio mwaka mzima. Chini yake zilikuwepo saini mbili, ya Riziki na ya Shaweji, mchumba wake wa wakati ule. Walizitia huku wakicheka, bila kusoma.

"Lakini Shaweji ameshaniacha, baba. Na leo mashangazi wa mchumba wangu mpya wanaleta barua ya posa. Watapita hapa hapa!"

"Basi omba wapite wakitazama upande wa pili."

Riziki akatoka nje. Pale dirishani, kwenye picha, alikuwa anacheka, kichwa kimelala begani kwa Shaweji. Kabla hajapiga hatua, mashangazi watatu wakachomoza kwenye kona. Akabandika mgongo kwenye kioo na kuitanua khanga yake kwa mikono miwili.

"Huyo si mkwe wetu? Njoo utuongoze nyumbani, mwali!"

"Shikamooni, mashangazi."

"Marahaba. Njoo basi, au umegandishwa kwa gundi?"

Wakacheka, wakasimama kumngoja. Riziki naye akacheka, mikono bado imetanuka, kioo chenye jua kikimchoma mgongoni.